Damu Aliyoikubali Bibi

Nyumba ya kona, ghorofa ya pili,
juu ya duka la Babu la saa.

Jumapili, tarehe 9 Juni.

Mpendwa Mama Mdogo,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta mzima, umevaa soksi mbili mbili kama ulivyotueleza, na kwamba kile kikohozi kimepata mtu mwingine wa kumsumbua. Hapa sote tu wazima kwa kipimo cha familia yetu, yaani kila mmoja ana lalamiko lake lakini hakuna anayeacha chakula kwenye sahani. Babu anakusalimu. Mama anakusalimu na anauliza kama unakula. Mimi nauliza kuhusu usingizi wako, maana najua tulivyo sisi wawili tukiwa na jambo kichwani: jambo linalala, sisi tunakesha.

Kabla macho yako hayajaanza kuruka mistari: mama yako yuko hai. Ameshapasuliwa, nyonga imeungwa kwa chuma, na jana alimwambia mfagizi wa wodi kwamba kupiga deki kwa maji machafu ni kuuhamisha uchafu, si kuuondoa. Basi soma taratibu.

Nakuandikia kwa sababu simu za nyumba hii hazifai. Ukipiga, Mjomba Mwenyekiti, ambaye hakuna kikao cha familia asichokiongoza, anainyakua, Mjomba Mdogo anatoa ushauri kwa nyuma, Mama analia, na unakata ukiwa unajua kidogo kuliko ulivyojua kabla hujapiga. Mimi nataka ulijue lote, kwa mpangilio wake.

Ilianza na pazia. Mama aliyafua mapazia ya sebuleni kwa Bibi, akayatundika, akaondoka akiwa ameridhika. Bibi, ambaye ameacha kazi ya udobi lakini udobi haujamwacha yeye, aliona kwamba pazia la kushoto limegeuzwa, ndani limekuwa nje. Angeweza kumwita mtu. Lakini unamjua, kwake kumwita mtu ni kukiri kwamba watu wana faida. Akapanda stuli. Babu alikuwa chini dukani na saa ya mteja jichoni, akasikia kishindo, akadhani ni kabati.

Daktari wa mifupa ni kijana mwenye sauti ya upole na maneno magumu. Alituambia Bibi ana damu kidogo, na upasuaji wenyewe utamwaga nyingine. "Sishiki kisu mpaka niwe na chupa moja ya damu inayokubaliana naye," alisema. Mama akauliza je, tukisubiri? Akajibu kwamba mtu wa umri ule akilala na nyonga iliyovunjika, kinachomuua ni kitanda. Damu inaganda miguuni, mapafu yanajaa. Alisema tuna siku chache, wala hakutaja ngapi, na hilo ndilo lililonitisha zaidi.

Sasa, damu ya Bibi ni kundi O. Hawa wenye O ni watu wa ajabu: wanaweza kumpa karibu kila mtu, lakini wao hawapokei ila kutoka kwa O mwenzao. Nikimfikiria Bibi na zawadi tulizowahi kumpa, naona maabara haikuhitaji hata kumpima.

Kwenye friji ya hospitali kulikuwa na chupa chache za O. Mtaalamu wa maabara, mama mmoja mnene mwenye viatu vya plastiki vya njano, alizijaribisha zote. Wanachukua maji ya damu ya mgonjwa, yale ya manjano yanayobaki seli zikishatulia chini, wanayachanganya na seli za mtoaji, kisha wanatazama. Zikibaki zimetawanyika vizuri, ni amani. Zikishikana mafungu mafungu, ni vita, na vita hiyo ikihamia mwilini mwa mtu, inaweza kumuua. Zote zilishikana. Akatuambia tulete ndugu, huenda mmoja wao akafanana na mama yao, na wakati huo yeye ataulizia benki kubwa ya damu, ambayo nayo huwa haina haraka.

Mjomba Mwenyekiti alifurahi. Samahani, lakini alifurahi. Alisimama katikati ya korido, akakunja mikono yote miwili ya shati, akawahutubia watu ambao wengine hata si wa familia yetu. "Damu ya mama tunayo sisi," alisema. "Mlianza na friji ya nini?" Anauza bima kwa hiyo amezoea kusema na watu wasiotaka kumsikiliza.

Tukapimwa makundi. Mwenyekiti alikuwa O, akatikisa kichwa kama mtu aliyepigiwa kura. Mama ni A. Mjomba Mdogo ni A, na hapo ilionekana kwamba juisi na biskuti za wachangiaji alikuwa ameshazimaliza kabla hajachomwa hata sindano. Yule mama wa maabara akamwangalia. Mjomba akasema, "Dada yangu, mimi ni fundi wa mafriji. Kitu kikiwa ndani ya friji lazima nikikague."

Nami ni A.

Naomba nikae kidogo kwenye mstari huo. Mimi ndiye ninayefundisha mada hii shuleni. Kila mwaka nachora ubaoni duara nyekundu zenye vijiti, nawaambia wanafunzi: A si bora kuliko O, hizi ni sukari tu zilizoota juu ya seli, ni kama sare za shule tofauti, na askari wa mwili wanamfukuza anayevaa sare wasiyoijua. Nawaambia makundi haya hayana uhusiano na tabia, wala na mapenzi. Lakini tangu utotoni naambiwa nimefanana na Bibi, paji la uso, ukaidi, hata kutembea. Nilikuwa nimeshaiona chupa yenye jina langu ikining'inia juu yake. Nilipoambiwa A, nilikwenda chooni nikalia, na huku nalia nilikuwa najieleza kimoyomoyo jinsi A ya Babu ilivyopitia kwa Mama ikanifikia, kwa usahihi kabisa, kama ningetakiwa kujibu mtihani. Elimu haikunifuta hata chozi moja. Ilikaa pembeni ikinisahihisha.

Basi akabaki Mwenyekiti peke yake. Akajilaza kwenye kiti cha kutolea sampuli kana kwamba anachorwa picha. Tukasubiri. Mama wa viatu vya njano akatoka na kalamu mdomoni.

"Mwana wa kwanza ni nani?"

"Mimi."

"Imekataa."

"Nani amekataa?"

"Damu ya mama yako. Imeikataa yako."

Mwenyekiti alitazama kulia na kushoto kuona nani mwingine amesikia. "Rudia," alisema. "Mimi ni kifungua mimba."

Akarudia, maana hata hivyo ni kawaida yao kurudia. Ikakataa tena. Mjomba wangu akaketi kwenye benchi, mikono ya shati bado imekunjwa. Kisha akasema kwa sauti ya chini, "Ni lile beseni."

Hukuwepo wakati wa beseni. Alichukua beseni kubwa la kazi la Bibi, lile la bati, akaliogeshea mbwa wake. Bibi alilichukua, akalitia dawa, akaliweka juani, akawa hamwazimi tena mwanawe kitu chochote cha mviringo.

"Mimi nilisema yule mbwa ataleta balaa," akasema Mjomba Mdogo.

Na hapo ugonjwa ukaenea korido nzima. Mama akakumbuka pazia. Mjomba Mdogo akashukuru Mungu kwamba yeye ni A, hivyo hakufika hatua ya kujulikana. Mke wa Mwenyekiti, ambaye alikuwa amekuja na chupa ya chai tu, akasema polepole kwamba kama mama anakataa damu ya mtoto wake mwenyewe, wakwe wajitayarishe. Niliwaeleza kwamba seli hazina habari na mabeseni. Nilieleza vizuri, kwa mifano. Walinisikiliza kwa heshima, kisha Mama akanishika mkono akasema, "Mwanangu, wewe humjui mama yangu."

Mama wa maabara alirudi na swali: Bibi aliwahi kuongezewa damu? Tukasema hapana. Amezaa wangapi? Wanne. "Basi ni watoto," akasema, akarudi ndani.

Hili ndilo nataka ulielewe, Mama Mdogo, kwa hiyo nakuandikia bila haraka. Ile sare ya A na O ni jambo la nje tu. Juu ya seli nyekundu kuna alama nyingine ndogondogo, nyingi sana, na watu hutofautiana. Ipo alama moja ambayo Bibi hana. Babu anayo, walimpima wakaiona, tena kwa pande zote mbili, kutoka kwa baba yake na kutoka kwa mama yake, hivyo kila mtoto aliyemzaa lazima aibebe. Mtoto anapozaliwa, damu yake kidogo huvuja ikaingia kwa mama. Mwili wa Bibi ukaiona ile alama, ukauliza, huyu nani? Ukatengeneza kingamwili, askari wa kuikamata siku itakapopita tena. Wanaweza kufifia miaka mingi hata usidhani wapo, lakini mwili hausahau namna ya kuwatengeneza. Nawe ulipozaliwa, wa mwisho, kumbukumbu ile ikapigwa msasa.

Kwa hiyo watoto wake wote, waliokuja wakijivunia damu ya mama, walikuwa wamekuja na damu ya Babu.

Babu alikuwepo nilipoeleza. Ulivyomwacha ndivyo alivyo, anaongea kama anayepima mafuta ya saa, tone tone. Alikuwa ameketi mwisho wa benchi na kofia magotini.

"Hiyo alama," akasema, "ni yangu?"

"Ni yako, Babu."

"Na yeye anaikataa."

"Mwili wake ndio unaoikataa, Babu, si yeye."

"Tangu lini?"

"Labda tangu mtoto wa pili."

Akafikiri. "Hakuwahi kuniambia."

"Hakujua, Babu. Ni mwili tu."

"Mwili ni wa nani?" akauliza, akavaa kofia, akatoka nje. Alikwenda kusimama karibu na tangi la maji na hakuingia wodini hadi jioni. Bibi alipomuulizia, Mama akamwambia amekwenda kufunga duka. Nilitaka kucheka na nilitaka kumfuata nimkumbatie, na kwa kuwa mimi ni mtu wa kufikiria mambo mpaka nafasi ipite, sikufanya lolote kati ya hayo.

Lakini nilifikiri jambo lenye faida. Kama tatizo ni alama ya Babu, basi wanawe na Babu ndio watu wabaya kuliko wote wa kuwatafuta. Tumaini liko nje, kwa watu walioingia kwa mlango wa ndoa. Nikaanza na mke wa Mwenyekiti, akawa B, akashukuru waziwazi. Nikawapigia simu mafundi wenzake Mjomba Mdogo. Kisha nikamkumbuka baba yangu.

Hatukumsahau. Ni kwamba Baba akiwa karibu na Bibi huwa anajipunguza mpaka hashiki nafasi. Anaendesha greda. Anaweza kusawazisha kilima asubuhi na mchana kikapitika, lakini mbele ya mama mkwe hawezi kusawazisha sentensi. Anamsalimia akiwa mlangoni, anapokea glasi ya maji kwa mikono miwili, anaitazama mpaka iishe, anaaga. Na Bibi tangu harusi anamwita "yule bwana wa greda". Huwa simsikii akisema kwa ubaya. Husema kama anavyosema "yule bwana wa umeme".

Nilimkuta getini, kwenye benchi la mlinzi, na mfuko wa machungwa ambao alikuwa hajathubutu kuuingiza ndani. Nilipomweleza, aliinamisha kichwa.

"Wajomba zako wamekataliwa?"

"Mmoja tu ndiye aliyefika hatua hiyo, Baba. Na si kukataliwa, ni kingamwili."

"Mwanawe wa kumzaa."

"Ndiyo."

"Sasa mimi nikikataliwa nitasemaje?" akauliza. "Miaka yote sijamuuliza kama ananitaka, ili asije akanijibu. Leo mnataka maabara ndiyo imuulize."

Mama Mdogo, nilikuwa na jibu la kisayansi mdomoni, lilikuwa jibu sahihi, na nililimeza. Nilimwambia tu kwamba Bibi hana siku nyingi. Akainuka. Alinikabidhi machungwa kama mtu anayekabidhi mali yake.

Akapimwa, akawa O. Tukasubiri ile hatua ya pili. Baba hakuketi. Alisoma tangazo la kunawa mikono ukutani tangu juu hadi chini, akarudi juu. Mama wa viatu vya njano akatoka, kalamu mdomoni kama kawaida.

"Huyu mwenye kofia ya kazi ni nani wa mgonjwa?"

Kila mtu alitaka kwanza kujua kwa nini anaulizwa. Mwisho Mama akasema, "Mkwe."

"Basi mkwe hajambo. Hawa wameelewana kama maji na maji."

Baba alivua kofia. Nadhani hakujua kwamba ameivua.

Ungetegemea tushangilie. Badala yake Mwenyekiti akaitisha kikao. Pale pale, kando ya mashine ya maji ya kunywa, akiwa na uchungu wake wa asubuhi, akasema jambo hili lina sura ambayo hatujaitazama.

"Damu ya shemeji ikiingia kwa mama," alisema, "shemeji anakuwa nani? Anakuwa damu ya mama. Na dada yetu hapa ni damu ya mama. Sasa nauliza kama mwenyekiti: hawa wawili wanalalaje chumba kimoja?"

"Chumba chetu umeanza kukichungulia lini?" Mama akamuuliza.

"Nauliza tu. Mambo kama haya yasipoulizwa mapema, huulizwa na watu wabaya."

Hapo nikafanya kosa la mwalimu, nikajibu swali. Nikasema seli nyekundu hazirithishi mtu kitu, na zaidi ya hayo haziishi milele. Baada ya miezi kama mitatu minne zote zinakuwa zimekufa, mwili unatengeneza zake, na hakuna tena kitu cha Baba ndani ya Bibi.

"Kumbe," akasema Mjomba Mdogo, "basi walale vyumba mbalimbali miezi minne, yaishe."

Na Baba yangu, mtu mwema, akaanza kulifikiria. Nilimwona. Alikuwa tayari anapanga ataweka wapi godoro. Mama akamwambia kwamba akihama chumba, ahamie kabisa kwenye greda.

Wakaendelea. Mke wa Mwenyekiti akauliza kama mtu anaweza kuwa mkwe wa mumewe mwenyewe. Nesi akapita akatuomba tupunguze sauti. Nami nilikuwa nimesimama pale, nikifikiria mguu wa Bibi umefungwa kwa mifuko ya mchanga ndani ya mlango ule, na damu yake inavyozidi kuwa nzito, na sisi tunajadili godoro. Hasira yangu huja imevaa viatu vya kulalia, na huchelewa.

Aliyesema ni Babu. Alikuwa amerudi kutoka kwenye tangi bila sisi kumwona.

"Mwenyekiti," alisema, na hakuna aliyewahi kumsikia akimwita mwanawe kwa jina hilo. "Wewe ulikaa tumboni mwake miezi tisa, na damu yako ilimkera. Mimi nimekaa ubavuni mwake tangu ujana, yangu ndiyo iliyomkera kwanza. Huyu hajamkera. Mwacheni apite."

Kisha akamgeukia Baba, akamshika begani, akasema, "Nenda mkwe wangu. Na ule kwanza, usije ukatuangukia."

Kikao kikafungwa bila kufungwa. Baba akaenda, akalala pale, akatoa mkono wake ule mnene, akatazama dari. Hakufumba macho hata kidogo. Aliniambia baadaye kwamba alikuwa anaiombea ile damu isifanye utovu wa adabu ikifika.

Ilipimwa magonjwa, ikahakikiwa majina na namba, na kesho yake asubuhi nesi akaitundika juu ya kitanda cha Bibi. Kuna utaratibu: matone ya kwanza hupita polepole, na nesi anakaa hapo hapo na saa yake, anapima joto, anapima mapigo, maana kama mwili utakataa, mara nyingi huanza kukataa hapo. Mtu hutetemeka, hupata homa, mgongo huuma. Tulijipanga ukutani. Babu naye aliingia, akasimama miguuni. Baba alibaki mlangoni, mguu mmoja ndani na mmoja nje, kama mtu aliyekuja kuulizia kazi.

Bibi alifumbua macho akatuona.

"Mbona mnanitazama kama maziwa jikoni?" akauliza.

"Unasikia baridi, mama?" Mwenyekiti akasema.

"Nasikia watu wengi."

"Mgongo hauumi?"

"Mgongo wangu uulize mapazia yenu."

Nesi akapima joto. Lilikuwa lile lile. Akaongeza mwendo wa matone. Nikamtazama Baba, nikaona kifua chake kinashuka, naye akaegemea mwimo wa mlango.

Bibi akaufuata mrija wa damu kwa macho, tangu mkononi mpaka kwenye chupa. "Hii ya nani?" akauliza.

Mwenyekiti akatazama viatu. Mjomba Mdogo akasema ni ya hospitali. Mama akasema haijalishi. Nesi akasema kwa kawaida huwa hatusemi. Bibi akangoja. Unajua anavyongoja. Wateja walikuwa wakikiri madoa ambayo hata hajayaona.

"Ni yangu, mama," Baba akasema pale mlangoni.

Ilikuwa sentensi kamili. Sikumbuki kama nimewahi kumsikia akimwambia nyingine. Bibi hakugeuza kichwa kwa haraka, nyonga haikumruhusu. Akamtazama kuanzia kofia mpaka buti, kama anavyotazama nguo kabla hajaamua maji ya moto au ya baridi.

"Umekula?" akamuuliza.

"Nilikula, mama."

"Ulikula nini?"

"Chungwa."

Bibi akamgeukia Mama. "Mwanamke, mumeo ametoa damu na umempa chungwa. Mkalishe mtu huyu. Si hapo mlangoni, upepo unapita. Hapa."

Mwenyekiti ndiye aliyesogeza kiti.

Siku iliyofuata walimpasua. Upasuaji ulipita salama, ingawa ulichukua muda ambao sitaki kuuishi tena. Sasa anasimama kwa fremu ya kutembelea, hatua chache hadi dirishani na kurudi. Babu anakuja kila asubuhi, lakini mwanzoni alikuwa anakaa mbali kidogo na kitanda. Bibi akamuuliza ana nini. Akamweleza yote, alama, watoto, askari, tone kwa tone. Bibi akasikiliza mpaka mwisho, akamwambia, "Na bado nikazaa wanne. Sogea hapa unikune mgongo." Amesogea.

Baba haitwi tena bwana wa greda. Haitwi kitu kingine pia, bado. Bibi akitaka asikie, anasema tu "wewe," na Baba anaitika kwa heshima kana kwamba ametajiwa cheo.

Sasa nije kwako. Mama ameniambia kwamba ulilia kwenye simu ukasema kama ungekuwepo ungempa mama yako damu, na kwamba uko mbali huko unatunza wazee wa watu wakati mzazi wako mwenyewe amelala bila msaada. Nimekuandikia kurasa zote hizi ili nikuambie kitu kimoja: damu yako isingefaa. Una alama ya Babu kama wenzako. Ungepanda ndege, ungeshuka, ungekunja mkono wa nguo, na yule mama wa viatu vya njano angetoka na kalamu mdomoni akuambie imekataa, kisha ungelia chooni, na nakuhakikishia choo kile hakina hata kitasa. Hukumnyima kitu ambacho ungeweza kumpa. Ukitaka kuchangia damu huko uliko, changia. Huenda huko kuna mama wa mtu ambaye ndugu zake wote wamekataliwa, na anamsubiri mtu asiyemjua.

Nilimsomea Bibi sehemu ya barua hii na nikamuuliza niandike nini kutoka kwake. Alifikiri, akanyoosha shuka lililokuwa limenyooka tayari.

"Mwandikie kwamba damu nimepata," alisema. "Yeye ndiye sijampata. Aje."

Mama na Baba wanakusalimu, wajomba zangu wote wawili wanakusalimu pamoja na mke wa Mwenyekiti, na Babu anasema ile saa yako aliyoitengeneza bado inakungoja dukani. Bibi amesema salamu zake ni hizo hapo juu, nisiongeze.

Mungu akulinde kwenye baridi hiyo, akupe wepesi wa mikono kazini na usingizi wa kutosha, na akuonyeshe njia ya kurudi hata kwa muda mfupi.

Wako nikupendaye, na hilo halihitaji kipimo,

Mtoto wa dada yako.